Kufuatilia historia ya umiliki wa gari la kale la kifahari Bujumbura

Historia ya umiliki wa gari ni mfululizo wa kumbukumbu zinazoonyesha gari lilitoka kiwandani lini, liliuzwa kwa nani, na lilipita mikononi mwa nani mpaka kumfikia anayeliuza leo. Kwa gari la kawaida la biashara kumbukumbu hizo ni chache: kadi ya usajili, hati ya mauzo na karatasi za forodha. Kwa gari la kale la kifahari, kama vile Rolls-Royce, Mercedes-Benz 600 au Jaguar ya miaka ya 1950 na 1960, kumbukumbu hizo ndizo zinazoamua kama mnunuzi anapata mali au anapata kesi.

Suala hili linawagusa wafanyabiashara wa Bujumbura kwa namna ya pekee. Mji huu ulikuwa makao makuu ya utawala wa Kibelgiji wa Ruanda-Urundi, ni bandari ya Ziwa Tanganyika, na uko karibu kabisa na mpaka wa Kongo. Katika muda usiozidi maisha ya mtu mmoja, mji umebadilisha jina, serikali, sarafu na ofisi za kodi. Muuzaji akisema gari "limekaa hapa tangu enzi za Wabelgiji", maneno hayo hayana uzito mpaka kila kipindi kipate karatasi yake.

Makala haya yanaeleza wapi karatasi hizo hutafutwa, ni miaka ipi mnyororo wa umiliki hukatika mara nyingi, na nini kinaweza kumpata mnunuzi au msafirishaji asiyeuliza.

Gari gani huhesabiwa kuwa la kale

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, huhesabu gari kuwa la kihistoria likiwa na umri wa miaka 30 au zaidi, likiwa limetunzwa katika hali inayolingana na historia yake, na likiwa halitumiki tena kwa usafiri wa kila siku. Kwa hiyo umri peke yake hautoshi. Gari la miaka 50 lililobadilishwa injini, bodi na viti kwa vifaa vya magari mengine linaweza kubaki gari kuukuu tu.

Jambo la pili ni uhaba. Mercedes-Benz 600, gari lililopendwa na marais wengi wa Afrika, lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963 na likaendelea kutengenezwa hadi mwaka 1981. Katika muda wote huo yalitoka magari 2,677 tu. Kati ya hayo, 2,190 yalikuwa ya kimo cha kawaida, 428 yalikuwa marefu ya aina ya Pullman, na 59 yalikuwa ya paa la kufunguka nyuma. Rolls-Royce Phantom V, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1959 na 1968, ilifikia magari 516.

Idadi hizi ndogo humsaidia mfuatiliaji. Gari lililotengenezwa kwa maelfu kwa maelfu hupotea katika wingi. Gari lililotengenezwa kwa mamia lina ukurasa wake mahali fulani, na wapo watu duniani wanaoijua kila namba.

Namba ya chesisi

Katika ufuatiliaji wa gari, jina la mwenye gari hubadilika, namba za usajili hubadilika, rangi hubadilika, hata injini hubadilika. Kinachobaki ni namba ya chesisi. Ndiyo maana kazi huanzia hapo, wala haianzii kwenye kadi ya usajili.

Magari ya kisasa yana namba yenye tarakimu na herufi 17, utaratibu ulioenea kuanzia mwaka 1981. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na mtindo wake. Mfanyabiashara asishangae kuona namba fupi, lakini ashangae sana akionyeshwa gari la mwaka 1965 lenye namba ya tarakimu 17.

Namba za zamani zina maelezo ndani yake. Katika Mercedes-Benz za miaka ya 1960, tarakimu sita za kwanza ni aina ya gari. Kwa 600 ya kawaida ni 100.012, na kwa Pullman ya milango minne ni 100.014. Tarakimu ya saba inaonyesha upande wa usukani: 1 ni usukani wa kushoto, 2 ni usukani wa kulia. Inayofuata inaonyesha gia, kisha huja namba ya mfululizo. Katika Rolls-Royce nyingi za miaka ya 1950 na 1960, herufi L ndani ya namba ya chesisi huonyesha kwamba gari lilitengenezwa na usukani wa kushoto.

Kwa ukanda huu, upande wa usukani ni ushahidi mkubwa. Burundi, Rwanda na Kongo huendesha kulia, hivyo magari yaliyoagizwa rasmi kwa nchi hizo wakati wa Wabelgiji yalikuwa na usukani wa kushoto. Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia huendesha kushoto. Gari la kale lenye usukani wa kulia likisemwa kuwa liliagizwa mpya na ofisa wa Kibelgiji Usumbura, kuna jambo la kuuliza. Huenda lilivuka mpaka baadaye kutoka Tanganyika, Kenya au Uganda, na kama ni hivyo lazima kuwe na karatasi ya nchi hiyo. Namba ya chesisi ikionyesha usukani wa kushoto na gari lenyewe lina usukani wa kulia, basi ama usukani umehamishwa, ama namba hiyo si ya gari hilo.

Ikumbukwe pia kwamba namba hupatikana mahali zaidi ya pamoja: kwenye kibati kilichopigiliwa na kwenye chuma chenyewe cha chesisi. Kibati hung'olewa na kupigiliwa kwenye gari jingine kwa dakika chache. Namba iliyogongwa kwenye chuma ni ngumu kuigeuza bila kuacha alama za tupa au kulehemu. Zote zisomwe, zipigwe picha na zilinganishwe.

Injini ina namba yake. Vifaa vya magari haya havikupatikana kwa urahisi kando ya Ziwa Tanganyika, na mafundi walilazimika kutumia walichokipata. Injini iliyobadilishwa haimaanishi wizi, ila ni lazima itajwe katika mauzo, kwa sababu hupunguza bei na hufanya maelezo ya kiwandani yasilingane na gari.

Kumbukumbu za kiwandani

Baada ya kupata namba, hatua ya pili ni kuuliza kiwanda au taasisi inayotunza kumbukumbu zake. Mercedes-Benz ilikuwa ikiandika kadi ya maelezo kwa kila gari: namba ya chesisi, injini, rangi, vifaa vya ziada na mahali gari lilikopelekwa. Kadi hizo zimetunzwa Ujerumani. Kadi za chesisi za Rolls-Royce za zamani hupatikana Uingereza kupitia klabu ya wapenzi wa magari hayo, RREC, na mara nyingi hutaja mnunuzi wa kwanza kwa jina. Kwa Jaguar, mfuko wa urithi wa kampuni hiyo hutoa cheti kinachoonyesha tarehe ya kutengenezwa, namba za injini na gia, rangi ya kwanza na wakala aliyepokea gari.

Taasisi hizi hutoza ada, na baadhi hutaka kwanza uthibitisho kwamba mwombaji ana haki juu ya gari. Gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na nauli ya kontena moja. Jibu la kiwandani hutoa vitu viwili: linathibitisha kwamba gari la namna hiyo liliwahi kuwapo, na linataja pingili ya kwanza ya mnyororo. Halithibitishi kwamba anayeliuza leo ndiye mwenye mali.

Njia ya kufika Usumbura

Gari lililotoka Ulaya kwenda Usumbura lilipita njia zinazojulikana, na kila njia iliacha maandishi yake. Iliyo fupi ilikuwa ya Dar es Salaam. Kwa mkataba wa tarehe 15 Machi 1921 kati ya Uingereza na Ubelgiji, Wabelgiji walipewa maeneo yao ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, yaliyojulikana kwa jina la Belbase. Mzigo ulishushwa Dar es Salaam, ukapanda treni ya reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, kisha ukavuka ziwa kwa meli hadi Usumbura.

Njia nyingine ilipitia Kongo. Mzigo ulifika Albertville, ambayo leo ni Kalemie, kwa reli iliyofika ziwani mwaka 1915, na kutoka hapo ukapanda meli kwenda kaskazini. Yapo pia magari yaliyokuja kwa barabara kutoka Mombasa kupitia Uganda na Rwanda.

Kwa mfuatiliaji, hati ya shehena, orodha ya mizigo ya meli na karatasi ya ushuru ni muhimu kuliko picha nzuri ya gari. Hati ya shehena hutaja mpelekaji na mpokeaji. Karatasi ya ushuru hutaja aliyelipa. Majina hayo mawili yakilingana na jina la mnunuzi wa kwanza lililo katika kumbukumbu za kiwandani, pingili ya pili imepatikana.

Vipindi vya usajili na majina ya zamani

Karatasi za zamani za Bujumbura haziwezi kusomwa bila kujua zilitolewa na nani. Vipindi vyenyewe ni hivi:

- Kabla ya mwaka 1962. Ruanda-Urundi ilikuwa chini ya Ubelgiji, na kuanzia mwaka 1925 iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Kibelgiji. Mji uliitwa Usumbura. Bei ziliandikwa kwa faranga za Kongo hadi mwaka 1960, kisha kwa faranga za Rwanda na Burundi. Nyaraka ni za Kifaransa, na baadhi zina Kiholanzi pia. Kumbukumbu za utawala huo zilipelekwa Brussels, na Gazeti Rasmi la Ruanda-Urundi lilichapisha katiba za makampuni yaliyofanya kazi hapa. Gari likiwa liliandikwa kwa jina la kampuni, Gazeti hilo husaidia kujua kampuni ilikuwa ya nani.

- Kuanzia tarehe 1 Julai 1962. Burundi ikawa huru, na Usumbura ikaitwa Bujumbura. Faranga ya Burundi ilianza mwaka 1964. Hati ya mauzo ya mwaka 1961 iliyoandikwa "Bujumbura" na yenye bei kwa "faranga za Burundi" imeandikwa baadaye, hata kama karatasi yake imekunjamana na kugeuka njano.

- Kuanzia mwaka 2007. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na mwaka 2009 ikaingia katika umoja wa forodha. Mwaka huo huo wa 2009 iliundwa ofisi ya mapato, OBR. Kadi ya usajili wa gari, inayojulikana na wote kwa jina la carte rose, ndiyo karatasi ya kwanza kuulizwa.

Majina ya miji ya jirani nayo yamebadilika. Costermansville ni Bukavu, Albertville ni Kalemie, Elisabethville ni Lubumbashi, Stanleyville ni Kisangani, na Abercorn ni Mbala ya Zambia. Alama za kimataifa zilizobandikwa nyuma ya magari pia husaidia. Burundi hutumia RU, inayotokana na jina la zamani la Ruanda-Urundi. Tanzania bara ni EAT, Zanzibar ni EAZ, Kenya ni EAK na Uganda ni EAU. Kibandiko cha EAK kilichobaki chini ya rangi ya gari linalosemekana halijawahi kutoka Burundi ni sababu ya kutosha ya kuandika barua Nairobi.

Miaka ambayo mnyororo hukatika

Karibu kila gari la kale la ukanda huu lina pengo katika historia yake, na mapengo hayo hayatokei ovyo. Yanafuata miaka ambayo watu walikimbia.

Julai 1960, baada ya uhuru wa Kongo na maasi ya jeshi, Wabelgiji wengi wa Kivu walivuka kuingia Ruanda-Urundi wakiwa katika magari yao, na wengine wakaendelea Uganda au Tanganyika. Januari 1964 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka, na mali walizoziacha zikawekwa chini ya bodi ya serikali. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni nchini Zaire yatapewa wananchi wa nchi hiyo. Magari ya kampuni yalihama pamoja na kampuni.

Burundi yenyewe ilipata mauaji makubwa ya mwaka 1972, na tena vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993. Maelfu kwa maelfu waliuawa au walikimbilia nchi jirani, wakaacha nyumba, mashamba, maduka na magari. Mwaka 2006 serikali iliunda tume ya ardhi na mali nyingine, CNTB, kushughulikia madai ya waliorudi. Jina lenyewe la tume hiyo linakumbusha kwamba madai hayakuwa ya ardhi peke yake.

Hapa ndipo penye hatari kubwa kwa mnunuzi. Gari lililoachwa si gari lisilo na mwenyewe. Mtu aliyekimbia mwaka 1972 anaweza kuwa na watoto Kigoma, Brussels au Montreal. Muuzaji wa leo anaweza kuwa mtu mwema aliyenunua kwa mtu mwema, na bado pingili moja nyuma yake ikawa ya mtu aliyechukua gari barazani kwa jirani aliyeuawa. Kila karatasi yenye tarehe iliyo karibu na miaka hiyo isomwe mara mbili: nani aliuza, alikuwa hai, alikuwa nchini, na aliuza kwa hiari?

Pengo jingine ni la kawaida zaidi. Katika ukanda huu magari huuzwa mara nyingi kwa hati ya uwakilishi bila kubadilisha jina kwenye kadi. Mnunuzi humpa mwingine hati hiyo, naye humpa wa tatu. Kadi ikabaki na jina la mtu aliyefariki miaka mingi iliyopita. Katika hali hiyo kila mkono uliopita unahitaji maandishi yake, na warithi wa mwenye kadi lazima waulizwe.

Mahakama za nje zimesema nini

Wafanyabiashara wengine hudhani kwamba miaka ikipita, swali la umiliki hufa. Kesi kubwa za magari ya kale zinaonyesha kinyume.

Mercedes-Benz 500K ya mwaka 1935, iliyokuwa mali ya mwenye kiwanda wa Kijerumani, ilichukuliwa mwaka 1945 baada ya majeshi ya Marekani kuingia katika eneo lake. Gari likafika Marekani na kupita mikononi mwa watu kadhaa. Mwaka 2011 liliuzwa kwa mnada California kwa zaidi ya dola milioni 3.5, na mnunuzi wa Kiholanzi akalipeleka kwenye maonyesho ya Essen, Ujerumani, mwaka 2012. Likakamatwa papo hapo, na mahakama ya Ujerumani ikawapa haki warithi wa mwenye gari wa kwanza. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 65.

Kesi ya pili ni ya Talbot-Lago ya mwaka 1938 yenye chesisi namba 90108, iliyoibwa Milwaukee mwaka 2001. Mwaka 2015 kampuni moja ililinunua gari hilo Ulaya kwa karibu dola milioni 7. Ilipoomba usajili katika jimbo la Illinois mwaka 2016, namba ya chesisi ilifanana na ya gari lililoibwa. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya jimbo la Wisconsin iliamua kwamba anayedai umiliki anaweza kuendelea na kesi yake, kwa kuwa dai lake lilikuwa juu ya kukataliwa kurudishiwa gari, wala si juu ya siku lilipoibwa.

Ipo pia kesi iliyompa muuzaji ushindi. Mwaka 1990 mahakama ya London iliamua juu ya Bentley iliyojulikana kama Old Number One, iliyoshinda mashindano ya Le Mans mwaka 1929 na 1930. Mnunuzi aliyekubali bei ya pauni milioni 10 alidai gari si lile la awali kwa sababu sehemu nyingi zilikuwa zimebadilishwa. Mahakama iliona kwamba historia ya gari ilikuwa mfululizo mmoja usiokatika, na mauzo yakasimama. Vyuma vilikuwa vimebadilika, lakini mnyororo haukukatika.

Gari la kiongozi

Magari ya wafalme, magavana na marais huvuta bei kubwa, na kwa sababu hiyo huvuta uongo mwingi. Dai kwamba gari "lilikuwa la Mwami" au "lilikuwa la Mobutu" lichukuliwe kuwa si kweli mpaka lithibitishwe kwa namba ya chesisi. Picha ya zamani ya kiongozi ndani ya gari la aina hiyo inathibitisha kwamba alipanda gari la aina hiyo, basi.

Mfano mzuri wa gari lenye historia iliyo wazi uko Dar es Salaam. Makumbusho ya Taifa katika Mtaa wa Shaaban Robert inaonyesha Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni ya Kiingereza na baadaye na Mwalimu Julius Nyerere. Gari hilo lilipita kutoka serikali moja kwenda nyingine, kisha likaingia makumbusho. Halikupita kwa dalali.

Kama gari kweli lilikuwa la kiongozi, linazuka swali jingine: je, lilikuwa mali yake binafsi au mali ya serikali? Mali ya serikali haiuzwi na mtumishi aliyekuwa na funguo. Lazima kuwe na uamuzi wa kuiondoa katika mali za umma, au kumbukumbu ya mnada. Aidha, Burundi ina sheria ya mwaka 1983 ya kulinda urithi wa utamaduni wa taifa. Kabla ya kutoa nje gari linalohusishwa na historia ya taifa, ni busara kupata maandishi ya wizara inayohusika na utamaduni kwamba hakuna kizuizi.

Hatua kabla ya kununua

1. Soma namba ya chesisi na ya injini mwenyewe, mahali zote zilipo. Piga picha zenye mwanga wa kutosha. Mchukue fundi asiyehusika na muuzaji. Mafundi wa zamani wa Buyenzi wanajua kutambua mahali chuma kilipokatwa na kuungwa.

2. Omba maelezo ya kiwandani kwa namba hiyo kabla ya kutoa arabuni.

3. Linganisha namba na carte rose herufi kwa herufi. Tofauti ya tarakimu moja irekebishwe na ofisi husika, isisahihishwe kwa kalamu.

4. Andika orodha ya wenye gari kwa miaka, ukianzia kiwandani hadi leo. Mbele ya kila jina andika karatasi inayolithibitisha. Pasipo na karatasi pabaki wazi, pasijazwe kwa kukisia.

5. Tafuta mashahidi wa mapengo: dereva wa zamani, fundi, karani wa forodha, jirani. Maelezo yao yaandikwe, yatiwe sahihi na tarehe. Ushahidi wa mdomo husaidia kuelekeza upelelezi, lakini hauchukui nafasi ya hati.

6. Kama mwenye kadi amefariki, pata hati ya mirathi na sahihi za warithi wote, pamoja na walio nje ya nchi.

7. Omba polisi wahakikishe namba kupitia ofisi ya Interpol iliyoko nchini. Shirika hilo lina hifadhi ya taarifa za magari yaliyoibwa, na hutafutwa kwa namba ya chesisi. Gari kutokuwamo humo si cheti cha usafi, kwa kuwa wizi wa zamani mwingi haukuandikishwa humo.

8. Mkataba wa mauzo uthibitishwe kwa notari, na utaje historia yote kama kiambatisho. Muuzaji atamke kwa maandishi kwamba atarudisha fedha iwapo mwenye haki atajitokeza.

Kwa msafirishaji

Mwenye lori au wakala wa forodha huweza kusema kwamba umiliki si kazi yake. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 haimwachi huru hivyo. Mali inayopasa kutaifishwa ikikamatwa, hata chombo kilichoibeba kinaweza kukamatwa. Lori likizuiwa Kobero au bandarini kwa wiki tatu, hasara ni ya mwenye lori kwanza, na dhamana ya forodha hubaki imefungwa.

Kwa hiyo kabla ya kupakia, msafirishaji adai nakala ya carte rose, mkataba wa mauzo, karatasi ya forodha ya kutoka, na kibali cha utamaduni pale kinapohitajika. Namba ya chesisi iandikwe kwenye hati ya usafirishaji kama ilivyo kwenye chuma. Gari lipigwe picha pande zote kabla ya kufungwa ndani ya kontena, kwa sababu mikwaruzo ya gari la aina hii hugharimu kuliko lori zima la saruji.

Njia nayo ichaguliwe kwa makini. Kenya hairuhusu magari yaliyotumika yenye umri unaozidi miaka 8 kuingia kwa matumizi ya nchini, na Uganda kwa sheria ya mwaka 2018 ilizuia kuingizwa kwa magari mengi ya miaka 15 au zaidi. Gari linalopita tu kwenda bandarini ni suala tofauti na gari linalobaki, na karatasi lazima zionyeshe hivyo tangu mwanzo. Gari la kale likitangazwa kama gari la kawaida ili kurahisisha mambo mpakani, tamko hilo litabaki katika kumbukumbu zake na litakuja kuulizwa na mnunuzi wa Ulaya au wa Ghuba.

Mwisho, bei isiyo ya kawaida ni taarifa yenyewe. Muuzaji mwenye mnyororo kamili wa karatasi anajua thamani yake na hana haraka. Anayetaka fedha taslimu leo jioni, kwa gari ambalo namba yake haitaki kusomwa mchana, amekwisha kujibu swali la umiliki.